Mto Hupimwa Siku ya Ukame

Ndugu msomaji, ufunguapo bomba jijini Dar es Salaam, maji yatokayo hapo aghlabu yamesafiri kutoka milima ya Uluguru kwa njia ya Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini ukafuatia mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, mitambo hiyo miwili iliwezeshwa kutoa lita milioni 466 kwa siku. Hesabu hiyo yapendeza, lakini ni hesabu ya pampu, si ya mto.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 akina mama wengi waliuona ukweli huo katika ndoo zao. Mvua zilikuwa haba, kina cha mto kikashuka, maji yakatolewa kwa mgawo. Pampu zilikuwapo, kilichopungua ni maji ya kuvuta.

Yafaa basi ujue jinsi hatari hii ipimwavyo. Wengi hudhani yatosha kujumlisha mvua za miaka mingi na kupata wastani. Wastani hudanganya. Hali ya hewa inapobadilika, jumla ya mvua ya mwaka yaweza kubaki karibu ile ile, ilhali sehemu kubwa imemwagika katika majuma machache na kukimbilia baharini. Na familia hainywi wastani! Mtaalamu mwangalifu huuliza: katika siku zake mbaya kuliko zote, mto ulishuka hadi wapi? Siku hizo zikiongezeka, na joto likizidisha kiu ya mji na ya mashamba yaliyo juu ya mto, kitabaki kiasi gani mbele ya pampu? Tena hutazama misitu ya Uluguru, kwani mlima ulio uchi hauitunzi mvua ili kuitoa pole pole wakati wa kiangazi, huteremsha tope.

Visima husaidia, ila karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari hupenya chini kwa chini.

Ndiyo maana bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lililozungumzwa kwa miongo mingi kabla ya mkataba wa ujenzi kutiwa saini mwaka 2022, ni jambo kubwa kwa mji huu. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yateremshwe mtoni wakati wa ukame. Lakini bwawa nalo hujazwa na mvua hizo hizo. Swali la kuwauliza wapangaji ni hili: misimu miwili mibaya ikifuatana, litauhudumia mji kwa siku ngapi?