Kabla Pikipiki ya Ng'ambo Haijafika Kapseret

Je, una mwana, ndugu au jamaa anayefanya kazi Dubai, Doha au Uingereza, ambaye siku hizi hazungumzi lolote ila habari za kurudi nyumbani na pikipiki? Kama unaye, basi zungumza naye kabla hajafunga mizigo. Wengi huliwazia jambo hili kama la fedha tu: ukiwa na nauli ya chombo, chombo kitafika. Ukweli ni kwamba linahitaji muda zaidi ya fedha, na muda ukishapotea haununuliwi.

Kwa jamaa wa Kapseret, kishawishi ni kikubwa zaidi. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, umo papo hapo katika eneo lao, kusini mwa mji. Kwa miaka mingi wameziona ndege za mizigo zikitua zimesheheni bidhaa kutoka Dubai na kwingineko Mashariki. Ni rahisi basi mtu kusema, "Mbona pikipiki yangu isishukie hapa nyumbani?" Inawezekana. Lakini kati ya ndege na ua wa nyumba yako kuna afisa wa forodha, naye ana maswali yake.

Swali la kwanza ni hili: pikipiki hii ni ya nani, na tangu lini?

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mkazi anayerejea nafasi ya kuingiza chombo kimoja bila ushuru. Ni neema kubwa, lakini ina masharti. Awe ametimiza umri wa miaka 18. Awe ameishi nje kwa muda usiopungua miaka miwili. Chombo kiwe kimekuwa mali yake, naye akakitumia huko, kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya kukileta. Tena, katika miaka hiyo miwili, siku alizokuja kutembea nyumbani zikijumlishwa zisizidi 90.

Hebu tazama jinsi masharti haya yanavyowanasa watu wema. Kijana amekaa Doha miaka minne. Mwezi wa mwisho wa mkataba wake anapokea malipo yake, anakwenda sokoni, ananunua pikipiki nzuri iliyotumika na kuipeleka moja kwa moja kwa wasafirishaji. Hakumwibia mtu, wala hakudanganya. Hata hivyo pikipiki hiyo haina miezi 12 mikononi mwake, na mbele ya forodha ni bidhaa kama bidhaa nyingine yoyote. Mwenzake aliinunua mapema, lakini mwaka jana alikuja likizo ya miezi miwili, na mwaka huu akakaa mwezi mmoja na nusu kwa ajili ya mazishi na shughuli za ukoo. Huyo naye amepita siku 90.

Kwa nini ukali huu? Kwa sababu msamaha haukuwekwa kwa ajili ya pikipiki, uliwekwa kwa ajili ya mtu anayehamisha maisha yake. Kama vile asivyotozwa ushuru kwa sufuria na blanketi alizokuwa akitumia, ndivyo asivyotozwa kwa chombo alichokuwa akikiendesha kwenda kazini. Wanunuzi wa dakika ya mwisho wangeruhusiwa, kila mfanyabiashara angemtafuta msafiri wa kumwazima jina.

Mgeni anayekuja kufanya kazi Eldoret kwa mkataba naye asidhani mambo ni tofauti sana. Ataulizwa kibali chake cha kazi, na ushahidi kwamba chombo kilikuwa chake huko alikotoka.

Sasa tuseme masharti hayakutimia. Je, gharama ni ipi? Hapa wengi hukosea hesabu kwa kudhani kodi hutozwa kwa bei ya sokoni pekee. La! Kwa mzigo wa meli, forodha hujumlisha thamani ya chombo, nauli na bima. Tuseme pikipiki ni shilingi 150,000, na nauli pamoja na bima ni shilingi 60,000. Hesabu ya ushuru inaanzia 210,000, wala si 150,000. Baada ya ushuru wa forodha huja ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ushuru huo. Bado kuna ada ya hati ya kuagiza bidhaa, tozo ya reli, na malipo ya wakala wa forodha. Nauli ya ndege nayo ni ghali kuliko ya meli. Anayepitishia Mombasa hulipa nauli ndogo, lakini kutoka bandarini hadi Eldoret ni karibu kilomita 800 za kulipiwa lori.

Kisha kuna stoo. Mzigo unaosubiri karatasi hulipiwa ada ya kuhifadhiwa, na ada hiyo haijui kama ni Jumapili wala sikukuu. Usipotolewa kwa muda uliowekwa, serikali huutangaza na kuuza kwa mnada. Jasho la miaka minne linaweza kwenda hivyo, kwa kukosa karatasi moja.

Ni karatasi zipi basi? Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka. Kitabu cha usajili cha huko, chenye jina la mwenyewe na tarehe. Risiti ya kununulia. Cheti cha kuthibitisha kwamba usajili wa huko umefutwa ili chombo kisafirishwe. Hati ya mizigo ya meli au ndege. Nambari ya PIN ya KRA. Na kabla ya kulipa chochote, aulize shirika la viwango, KEBS, kuhusu ukaguzi na umri wa chombo, kwani nchi hii haipokei kila chakavu: kwa magari, kikomo ni miaka minane. Nambari ya chesisi na ya injini zilingane na karatasi, herufi kwa herufi. Kosa la tarakimu moja huzaa safari kumi za ofisini.

Chombo kikisafiri kwa ndege, tanki litolewe petroli na betri ishughulikiwe kama msafirishaji atakavyoelekeza, maana chombo chenye mafuta huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari angani.

Tuseme imefika salama. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Dubai na Doha ziko pwani. Hewa ya huku ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani itavuta petroli nyingi kupita kiasi. Plagi itakuwa nyeusi, moshi utazidi, na mlimani itachoka. Usikimbilie kulaumu aliyeiuza. Mwone fundi abadilishe jeti ya kabureta, aweke ndogo zaidi. Yenye mfumo wa sindano hujirekebisha, ingawa nayo hupoteza nguvu kidogo. Tazama pia taa: katika nchi za Ghuba watu huendesha upande wa kulia, na taa nyingi za huko humulika kuelekea kulia. Hapa zitampiga machoni anayekuja mbele yako. Vipuri navyo vifikiriwe mapema, kwani cha pikipiki inayobeba abiria mjini hupatikana kila kona, lakini cha modeli ngeni huenda kikaagizwa kulekule ilikotoka.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mara nyingi pikipiki hiyo huwa imekwisha kuahidiwa mdogo wake kijana, aifanyie kazi ya bodaboda. Iliyoingia kwa msamaha haigawiwi hivyo. Msamaha ni wa mwenyewe, na akimwachia mtu asiye na haki hiyo, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Na kwa kuwa msamaha ni wa chombo kimoja, anayeutumia kwa pikipiki leo asitarajie kuupata kwa gari kesho. Ikiwa nia ya familia ni bodaboda, fanyeni hesabu mezani: huenda fedha hizo zikanunua pikipiki mpya papo hapo Eldoret, yenye karatasi safi na vipuri tele.

Lakini kama kijana wako anaipenda pikipiki yake na kurudi kwake bado ni mwaka mmoja na zaidi, mwambie hivi: ainunue sasa, aiandikishe kwa jina lake, aiendeshe, na kila karatasi aitunze. Mwenye kujiandaa mapema hana haja ya kubembeleza mtu forodhani.