Kuchungulia Ndani ya Kifundo cha Mkono

Yako maumivu ambayo mwenyewe huyajua sana, lakini watu wa nje hawayaamini. Mojawapo ni maumivu ya kifundo cha mkono baada ya kuanguka. Sisi wanafunzi wa bweni twaanguka mara nyingi, na aangukaye hutanguliza kiganja, hata uzito wote wa mwili ukashukia kifundo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, si daktari. Lakini nimesoma juu ya jambo hili, nami naona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu.

Kwanza tukitazame kifundo chenyewe. Ndani yake mna mifupa midogo 8, iliyopangwa safu mbili. Mifupa hiyo hukutana na mifupa miwili mirefu ya kigasha, mmoja upande wa kidole gumba, wa pili upande wa kidole cha mwisho. Yote imefungwa pamoja kwa kano imara. Tena, upande wa kidole cha mwisho, lipo gegedu la pembe tatu. Hilo ni kama mto: hupokea uzito, na husaidia kuishika ile mifupa miwili mirefu tunapogeuza mkono, kama vile kukamua nguo au kufungua mlango kwa ufunguo.

Gegedu na kano huweza kuchanika bila mfupa kuvunjika. Hapo ndipo taabu huanzia, maana picha ya eksirei huonyesha mifupa tu. Kano ikikatika kabisa, pengine mwanya huonekana kati ya mifupa, lakini mchaniko mdogo hauonekani. Kipimo cha MRI huonyesha zaidi, ila nacho huweza kukosa.

Mwenzetu mmoja, golikipa, aliangukia mkono mwaka jana. Picha ilikuwa safi, akachuliwa kwa maji ya moto, akaambiwa amepona. Lakini kila aliposhika jembe kifundo kilimuuma, na wako waliomcheka wakisema anakwepa shamba. Baadaye daktari mwingine alimgeuzageuza mkono, akatambua kuwa gegedu limeumia. Alifungwa banzi kwa majuma kadhaa, na sasa anadaka tena. Basi si kila mchaniko huhitaji kisu. Lakini mapumziko yasipofaa, iko njia nyingine.

Njia hiyo ilianzia gotini. Mwaka 1918, huko Tokyo, Dk. Kenji Takagi alitumia chombo cha kutazamia kibofu ili kuchungulia ndani ya goti la maiti. Mwaka 1962 mwanafunzi wake, Dk. Masaki Watanabe, alikata gegedu lililochanika la goti kwa kupitia matundu madogo. Kifundo cha mkono kilingoja zaidi kwa kuwa nafasi yake ni finyu. Mwaka 1986 Dk. Terry Whipple na wenzake, wa Marekani, walieleza namna ya kukifanyia kazi hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa hutiwa ganzi au hulazwa usingizi. Vidole huvishwa vifuko vya wavu, mkono ukavutwa juu kwa uzito wa kilo kama 5, ili mifupa iachane kidogo. Matundu madogo hutobolewa mgongoni mwa mkono, katikati ya kano zinazonyoosha vidole. Katika tundu moja hupitishwa athroskopu, yaani bomba lenye taa na kamera, ambalo unene wake ni milimita 2 hivi, na daktari hutazama picha kwenye kioo kama cha televisheni. Katika tundu la pili hupitishwa kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda, cha kubonyezea gegedu. Lililo zima hudunda kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, lililochanika hulegea.

Je, likatwe au lishonwe? Mwamuzi ni damu. Ukingo wa gegedu hupata damu, kwa hiyo ukishonwa huweza kuunga. Katikati hapana damu, hata pakishonwa hapaungi. Hapo daktari hukata tu vipande vinavyoning'inia. Kano nayo ikikatika kabisa isingojee, maana mifupa husogea mahali pake, na baada ya miaka kifundo husagika. Hata hivyo upasuaji huu si muujiza: mshipa wa fahamu huweza kuguswa, kidonda huweza kuoza, na baada yake mazoezi ni lazima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kifundo kikiuma kwa majuma, kikilia unapokigeuza, au mkono ukikosa nguvu ya kushika, usione haya kurudi hospitali. Nanyi viranja, walimu na wazazi, msiharakishe kumwita mtu mvivu. Picha safi ya mifupa haitoshi kuwa ushahidi wa mkono mzima.