Kuchagua Kiungo cha Trela la Pikipiki

Wakulima wengi katika mashamba yaliyogawanywa tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962 hupeleka maziwa kituoni kwa pikipiki. Wengine sasa wataka kufunga trela dogo nyuma ili kupunguza safari. Trela lafaa, lakini usianze kwa kuchagua trela. Anza kwa kuchagua kiungo kitakacholishika. Kamba hukatikia pembamba, na hapo ndipo pembamba. Kiungo kikikatika mteremkoni, hutapoteza maziwa tu. Trela litakwenda peke yake, na njiani wapo watoto waendao shule.

Pikipiki si trekta

Labda wafikiri kwamba pini ya kupita tunduni, kama ile ya trekta, itatosha. Haitoshi. Trekta halilali upande. Pikipiki hulala kila inapokata kona, hali trela la magurudumu mawili hubaki wima. Kiungo kisipokubali kuzunguka, trela litaizuia pikipiki isilale nawe utatoka nje ya barabara, au gurudumu moja la trela litainuka.

Kiungo cha kawaida ni tufe la chuma linaloshikwa na kikombe cha chuma. Tufe huruhusu trela kugeuka kushoto na kulia, kupanda na kushuka, lakini kulala huruhusu kidogo tu. Kwa hiyo kilicho bora ni tufe pamoja na mkono wa trela unaozunguka ndani ya bomba lake. Kabla ya kulipa, mwambie fundi afunge trela tupu, kisha ailaze pikipiki taratibu kila upande, mtu mwingine akiishika. Kiungo kikikwama, au gurudumu la trela likiinuka, usikinunue.

Pima tufe na kikombe

Matufe mengi ni ya milimita 50. Lakini yapo pia ya vipimo vya Marekani, ya inchi 1 na 7/8, yaani karibu milimita 48. Kwa macho yanafanana. Tufe la 48 katika kikombe cha 50 laweza kukaa vizuri nyumbani, kisha likachomoka shimoni. Pima kwa chombo, usikisie.

Mahali pa kukifunga

Usikubali kiungo kichomelewe kwenye keria au madigadi. Vitu hivyo havikutengenezwa kuvuta mzigo. Kiungo kishikwe na fremu yenyewe, kushoto na kulia, kwa bolti na nati zisizolegea. Kikae chini, karibu na kimo cha ekseli ya gurudumu la nyuma. Kikiwa juu, mzigo ukivuta mlimani, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani hautakutii.

Tena funga mnyororo kutoka trela hadi fremu, mrefu wa kutosha kona lakini usioburuta chini. Kiungo kikiachia, mnyororo utalizuia trela lisiende zake.

Uzito

Soma kwanza kitabu cha pikipiki yako. Kikikataza kuvuta trela, basi hakuna kiungo kitakachokufaa. Mkokoteni wa punda ni salama zaidi.

Kwa mfano mzuri, tutazame sheria ya Uingereza. Huko pikipiki yenye injini ya sisi 125 au chini haivuti trela kamwe. Kwa pikipiki kubwa zaidi, trela pamoja na mzigo wake lisizidi theluthi mbili za uzito wa pikipiki, wala lisizidi kilo 150. Pikipiki ya kilo 120, basi, ingevuta kilo 80 tu. Ikiwa trela lenyewe ni kilo 30, zimebaki 50. Maziwa lita 50 hupita kilo 51 hata kabla ya kuhesabu mtungi. Kwa hiyo mtungi mmoja mkubwa umekwisha kuzidi.

Panga mzigo ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikalie kiungo. Kwa kilo 80, hizo ni kilo 8. Waweza kupima kwa kuuweka mkono wa trela juu ya mizani, trela likiwa sawasawa. Mzigo ukiwa nyuma mno, trela litayumba na kuivuta pikipiki huku na huku.

Kabla ya kwenda barabarani

Uliza ofisi ya NTSA juu ya usajili, taa na bima ya trela. Jaribu trela tupu shambani kwanza, kisha na maji badala ya maziwa. Anza kushika breki mapema, kwa maana mzigo ulio nyuma hukusukuma. Baada ya safari ya kwanza kaza bolti zote tena, na baadaye zikague kila asubuhi kabla ya kupakia mitungi.