Mpira wa Rejeta na Amana ya Fundi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ama baada ya hayo, gari kuukuu katika nyumba zetu nyingi si fahari bali ni chombo cha riziki. Huko Kambi Muru, Kibera, yuko mama mmoja aliyeachiwa na marehemu mumewe Toyota Corolla ya miaka ya tisini. Kwayo hupeleka biriani na mahamri kwenye harusi na hitima, na pato hilo ndilo karo ya wanawe. Gari lilipochemsha njiani, ilionekana mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Fundi akamuuzia mwingine, mweusi wa kung'ara, akisema ni mpya. Haukutimiza wiki mbili. Kumbe ulikuwa mkuukuu uliopakwa mafuta.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali alidai kimenyeshewa na mvua. Mtume akamkemea kwa kutokiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Mafuta juu ya mpira mbovu ni jambo lile lile. Tena mafuta huudhuru mpira wa namna hiyo, huuvimbisha na kuulegeza. Basi aibu haikufichwa tu, imezidishwa.

Kuuza mpira uliotumika si haramu maadamu mnunuzi ameambiwa. Akifichwa, sheria humpa khiyari ya aibu: arudishe bidhaa, apewe fedha zake. Mama huyo alirejea pamoja na mzee wa mtaa, akarudishiwa. Lakini gasketi ya injini ilikwisha kuungua, na gharama yake ilikuwa mara nyingi ya bei ya mpira. Mwenye kughushi kwa kujua na amche Mola wake, asidhani ametua mzigo kwa kurudisha bei peke yake.

Kwa nini madhara yawe makubwa hivyo? Nairobi imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji matupu huchemka karibu na nyuzi 94, ilhali Mombasa ni 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko kinachobana hewa. Mpira ukitoboka, mbano hutoweka, maji huchemka na kumwagika, na silinda hedi hupinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi mama zangu na dada zangu, injini ikiwa baridi, bonyezeni mipira, hasa karibu na ncha zake, kwani aghalabu huoza kuanzia ndani. Ukiwa mgumu kama ukuni, au laini kupita kiasi, au una nyufa, ubadilishwe kabla ya safari. Mwendapo dukani, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, chukueni mpira wa zamani na namba ya chesi. Linganisheni upana wa tundu, urefu na mikunjo. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kupinda hujikunja na kuziba maji. Wa gari jingine wenye mikunjo ile ile, ukiwa mrefu zaidi, unaweza kukatwa. Upindeni kwa vidole mtazame ndani, na muombe risiti. Nunueni na klipu mpya. Msikubali kipuri ambacho muuzaji hathubutu kusema kimetoka wapi. Cha wizi hakina baraka.

Sisi wa pwani tusijaze rejeta maji ya kisima cha chumvi, yanaliwa chuma. Tutie maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kupozea. Wala mtu asifungue kifuniko injini ingali moto. Mvuke wake umeunguza nyuso za wengi.

Nanyi mafundi, mjane akiweka ufunguo mkononi mwenu ameweka na chakula cha mayatima. Mwambieni kweli hata kama ataondoka bila kununua.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.