Hofu ya chanjo haiponi kwa kebehi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, mzazi anayesita kumpeleka mwanawe kuchanjwa aghalabu huitwa mjinga. Profesa Heidi Larson, Mmarekani anayefundisha katika Chuo cha London cha Afya na Tiba za Kitropiki, amefanya kazi kwa miaka mingi kuonesha kuwa mara nyingi jina hilo ni la dhuluma. Larson ni mtaalamu wa anthropolojia, elimu inayochunguza mila na maisha ya wanadamu. Hoja yake ni kwamba kinachokosekana mara nyingi si elimu, bali kuaminiana baina ya mzazi na yule anayemletea chanjo.

Kisa cha Kano

Kabla ya kuwa mtafiti wa chuo, Larson alisimamia mawasiliano ya chanjo katika shirika la UNICEF. Ni katika miaka hiyo, mwaka 2003, ambapo baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio. Uvumi ulienea kwamba matone yale yametiwa dawa ya kuwafanya mabinti wawe tasa.

Uvumi huo haukuwa na ukweli, lakini ulikuta ardhi yenye rutuba. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto wa Kano. Kati ya watoto 200 walioingizwa katika jaribio hilo, 11 walifariki dunia. Familia zilidai hazikuelezwa ipasavyo kuwa lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikafikia suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo. Mzazi aliyekumbuka misiba ile hakuwa na wazimu alipouliza maswali.

Hata hivyo, virusi havikungoja majibu. Kano ilirudi kwenye chanjo Julai 2004, baada ya kupatikana chanjo kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Wakati huo polio ilikwisha kuvuka mipaka, na mwaka 2005 ikapooza mamia ya watoto huko Yemen na Indonesia yenyewe. Baadaye Sultani wa Sokoto, watawala wa jadi na masheikh walisimama pamoja na wahudumu wa afya, na mwaka 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio.

Yaliyobainishwa na utafiti

Mwaka 2010 Larson alianzisha mradi wa kupima imani ya watu kwa chanjo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahoji watu wapatao 66,000 katika nchi 67. Walioongoza kwa kutilia shaka usalama wa chanjo walikuwa Wafaransa, asilimia 41, watu wenye shule na hospitali tele. Basi hofu hii si ugonjwa wa maskini wala wa wasiosoma.

Ufilipino ilitoa funzo jingine. Mwishoni mwa mwaka 2017 mtengenezaji wa chanjo ya homa ya dengue alitangaza kuwa inaweza kumzidishia hatari mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue, ilhali watoto zaidi ya 800,000 walikwisha kuchanjwa. Larson na wenzake walikuta kuwa waliokubali kwa dhati umuhimu wa chanjo walishuka kutoka asilimia 93 mwaka 2015 hadi 32 mwaka 2018. Hofu ya chanjo moja ilizigusa zote, na mwaka 2019 surua ikalipuka nchini humo.

Dini yatufunza nini?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tuzichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa wanaotangaza habari za amani au za hofu kabla ya kuzirejesha kwa wenye uwezo wa kuzipambanua. Anayesambaza ujumbe wa simu kuhusu chanjo asiyoijua na ajiulize yuko upande gani wa aya hizo.

Na wenye elimu nao wana wajibu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari ya tauni akiwa njiani kuelekea Sham, aliwashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza iwapo wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar hakumkejeli, alimfafanulia kwa mfano wa mchunga ngamia anayechagua bonde lenye malisho badala ya bonde kavu.

Mfano wa zama zetu ni Baraza la Maulamaa la Indonesia, ambalo mwaka 2018 liliulizwa kuhusu chanjo ya surua na rubela. Halikuficha kuwa utengenezaji wake ulihusisha kitu kitokanacho na nguruwe. Lilieleza hivyo waziwazi, kisha likairuhusu kwa hukumu ya dharura, kwa kuwa mbadala wa halali haukuwepo na madhara ya maradhi yalikuwa dhahiri.

Wazazi wenzangu, kuuliza si dhambi. Muulizeni mhudumu wa afya chanjo hii ni ya nini, ina maudhi gani, na mtoto akipata homa afanyiweje. Nanyi wahudumu na maimamu, msikilizeni mwenye hofu mpaka amalize, kisha mwambieni ukweli wote. Lakini swali lisigeuzwe kisingizio cha kuahirisha mwaka hadi mwaka, kwani mtoto ni amana, na amana huulizwa.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, na atujaalie kusema kweli na kuisikia. Amin.