Namba za magari ya kale ya kijeshi husema nini?

Mwezi Novemba mwaka 1943, wakazi wa London walipata fursa ya kukiona kwa macho yao kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger. Kilikuwa kimetekwa nchini Tunisia mwezi Aprili mwaka huo, kikaletwa Uingereza na kuwekwa hadharani katika uwanja wa Horse Guards Parade. Ubavuni mwa mnara wake ziliandikwa tarakimu tatu: 131.

Wengi hudhani hiyo ndiyo namba ya usajili wa kifaru hicho, ambacho leo kimo katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza. Sivyo. Ilikuwa ni anwani ya vitani: kombania ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Kama kingehamishiwa platuni nyingine, rangi ingefutwa na tarakimu nyingine kuandikwa. Namba isiyobadilika ni ile ya chasi, 250112.

Tofauti hiyo, baina ya namba ya kuzaliwa na namba ya kazi, ndiyo inayowachanganya wengi wanaokusanya magari ya vita au kuchunguza picha za wazee wao.

Herufi moja, kazi moja

Katika vita vya pili vya dunia, jeshi la nchi kavu la Uingereza lilitanguliza herufi moja kabla ya tarakimu. T ilikuwa ya vifaru na magari mengine ya minyororo. F ilikuwa ya magari ya deraya yenye magurudumu, L ya malori makubwa na Z ya malori madogo. M ilikuwa ya magari madogo, A ya wagonjwa, C ya pikipiki, H ya matrekta ya kuvuta mizinga, X ya matrela.

Tarakimu zilizofuata zilitolewa kwa mafungu, kwa kufuata mkataba wa ununuzi. Kwa hiyo anayejua mafungu hayo aweza kutaja kiwanda kilichounda gari bila ya kuliona gari lenyewe. Lakini hawezi kusema lilipigana wapi. Namba haina habari hiyo.

Kichwa cha kifaru

Habari hiyo hutafutwa kwenye alama ya divisheni, iliyopakwa mbele na nyuma ya gari. Na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupigana Burma mwaka 1944, ilitumia kichwa cha kifaru. Kifaru mnyama, si kile cha chuma. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, na walipita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin.

Familia yenye picha ya babu aliyekuwa Keya, amesimama kando ya lori, ina sababu ya kuitazama tena kwa makini. Herufi Z itaonyesha ni lori dogo. Kichwa cha kifaru kitaonyesha divisheni. Na mahali alama ilipoonekana kukwanguliwa, huenda ni kazi ya mkaguzi wa habari wa wakati wa vita, ambaye hakutaka adui ajue kikosi gani kiko wapi. Jina la dereva, bila shaka, halikuandikwa popote kwenye gari.

Gari moja, namba tatu

Mambo huwa magumu zaidi kwa magari yaliyobadili mikono. Gari aina ya Jeep lililotoka Marekani kwa kawaida lilikuwa na namba ya jeshi la huko inayoanza na 20. Likikabidhiwa Waingereza, lilipewa namba mpya yenye herufi M. Likibaki jeshini hadi mwaka 1949, lilibadilishiwa namba kwa mara nyingine.

Mwaka huo Uingereza ilianzisha mpangilio wa tarakimu mbili, herufi mbili na tarakimu mbili. Magari yaliyosalia kutoka vitani yalipewa jozi za herufi zinazoanza na Y au Z, na yaliyoundwa upya viwandani yakapewa R. Mpangilio huo ulidumu hadi mwaka 1982, ulipogeuzwa kuwa herufi mbili, tarakimu mbili, herufi mbili. Aliyezoea magari ya jeshi la Kenya, yenye herufi KA katikati ya tarakimu, atautambua mtindo wa zamani mara moja.

Hapo ndipo penye hila. Rangi ni rahisi, na gari linalosemekana kuwa lilishuka Normandy mwaka 1944 huvutia wanunuzi kuliko lililokaa ghalani. Mtengenezaji makini hukwangua rangi pole pole, tabaka baada ya tabaka, akitafuta namba ya awali chini ya ile ya baada ya vita. Asiye makini, au asiye mwaminifu, hujichagulia namba inayopendeza.

Kwa magari yasiyo ya deraya ya baada ya 1949, kinga ipo. Makumbusho ya Royal Logistic Corps hutunza kadi za jeshi zinazoonyesha gari lilipelekwa kikosi gani na liliuzwa lini. Kwa yale ya wakati wa vita, mnunuzi hana budi kuanza na chasi, na kuiacha rangi iwe ya mwisho kuaminiwa.