Jiwe Zito, Bei Ndefu

Kwa mkazi wa Likoni, urani ya karibu zaidi ilimpita mlangoni bila kubisha hodi. Kuanzia 2014 meli zilipakia hapa mchanga wa Kwale, na zirkoni iliyomo huwa na chembe za urani na thoriamu, kidogo mno kumtajirisha yeyote.

Rekodi ya bei ya mdomo naipa Mrima, huko huko Kwale. Kampuni ya Cortec ilitaja dola bilioni 62.4 za niobiamu na madini adimu. Leseni ikafutwa 2013, kesi ya fidia ikatupwa 2018, na mlima bado haujachimbwa kibiashara. Kipimo cha Geiger hulia Mrima, lakini hakisemi kinalilia nini. Pale ni thoriamu zaidi, si urani.

Jiwe letu lenye hadhi kuliko yote ni la Morogoro: rutherfordini, iliyotambuliwa mara ya kwanza duniani kutoka milima ya Uluguru na kuelezwa na Willy Marckwald mwaka 1906. Ni ganda la njano linaloota juu ya uraninaiti, jiwe jeusi na zito kuliko macho yanavyodhani.

Kwa ukali, hakuna wa kushindana na Shinkolobwe, Katanga, iliyogunduliwa 1915. Mawe yake bora yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali migodi mingi hufurahia hata asilimia moja. Zaidi ya tani 1,000 zilifichwa New York, na zikaishia kwenye mradi wa bomu la atomu.

Kwa urembo nachagua kuprosklodowskaiti ya Musonoi, Kongo: sindano za kijani kibichi. Mwenye taa ya miale ya urujuanimno atadanganyika, maana shaba iliyomo huzima mng'ao. Jina la jiwe huthibitishwa maabara, kwa eksirei ya fuwele. Na hapa thamani haihesabiwi kwa ratili, kama urani ya viwandani iliyofika takriban dola 136 mwaka 2007. Mkusanyaji hulipia fuwele isiyovunjika na kikaratasi kinachotaja mgodi. Kikaratasi kikipotea, nusu ya hadithi imepotea, na bei nayo.

Ukiokota jiwe zito lenye ganda la njano, usilisage, usililambe, wala usilifiche chini ya kitanda. Andika ulikolitoa, nawa mikono, uwaite wanajiolojia wa serikali.